Kikombe cha Nasibu

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, kikombe cha mwanangu kilikuwa kinawaka kijani juu ya kabati.

"Nasibu ameshiba," kilisema, kwa ile sauti yake ya shangazi aliyetoka kula pilau. "Hongera, Mama Nasibu."

Chumba kilijaa wanawake. Mmoja akavua kanga ya mabegani akakifunika. Mwanga ukapenya kwenye kanga, nami nikakaa nasoma maandishi yake, herufi moja moja, nikifika mwisho naanza tena. Sikulia. Walinishika mabega wakaniambia lia mwanangu, usijifungie, nikawajibu kwa adabu kwamba nimesikia. Ilikuwa kama ganzi ya sindano ya meno: unajua mdomo upo, lakini si wako.

Dada Hidaya, afisa lishe wa kata yetu ya Kirumbi, alikuja baada ya tanga kuanuliwa. Alivua viatu mlangoni, akatoa pole, akaketi mkekani na kishikwambi chake mapajani. Alikuwa msichana mwema, na wema wake siku ile ulinichosha.

"Nimejaribu kumfuta," alisema, kisha akajishika mdomo. "Samahani, dada. Nimejaribu kuandika msiba. Mlezi anakataa."

"Anakataaje?"

"Anasema mtoto yu hai. Anasema anatoka jasho, anacheza, sukari yake nzuri."

Mlezi ni ule mtambo uliomo Nyumba ya Ziwa, jengo jeupe karibu na kisima. Tangu ipitishwe Sheria ya Miaka Miwili, baada ya ukame ulioacha watoto wengi wa Kondoa wamedumaa, hakuna mtoto mchanga asiye na ushanga wa serikali kiunoni. Ushanga unaonja jasho lake. Kikipungua kitu mwilini, chuma au mafuta, Mlezi hujua kabla ya mama. Asubuhi unapeleka kikombe, anakumiminia uji wa mtoto wako na si wa mwingine. Kikombe kikiwa kijani, ameshiba. Kikiwa njano, chunga. Kikiwa chekundu, majirani wanakuja kukulimia shamba ili wewe ukae na mtoto unyonyeshe, na huo ni wajibu wao, si hisani. Ukutani kwa Nyumba ya Ziwa wameandika kwa rangi: KIKOMBE CHEKUNDU NI CHA WOTE. Sikatai, jambo hilo lilifanya kazi. Watoto walirefuka mpaka sare za shule zikawa haziwatoshi, na mafundi cherehani wakamshukuru Mungu.

"Ushanga wake ninao mimi," nilimwambia Hidaya. "Mama mkwe alimvua wakati wa kumwosha. Uko ndani ya kopo la majani ya chai."

Ushanga ukivuliwa mwilini, kikombe chake hugeuka kijivu, na kikombe cha kijivu Mlezi hakipi hata tone. Walifanya hivyo ili watu wasichukue uji wa mtoto aliyehamishwa. Changu kilipaswa kuwa kijivu tangu siku ya msiba. Hidaya alikitazama pale juu ya kabati kinavyowaka, akakwepesha macho.

"Ni hitilafu tu. Nimeshaandika wilayani." Akasita. "Na ziwa, vipi?"

"Linatoka."

Akanipa vidonge vya kukausha maziwa. Nikavifunga kwenye pindo la kanga.

Sikumkasirikia. Hasira inataka nguvu, na mimi hata nguvu ya kuchana nywele sikuwa nayo. Lakini nilikumbuka. Kabla ya msiba nilimwendea mara kadhaa nikamwambia mtoto anapungua, nikimbeba simsikii uzito. Kila mara alitazama kikombe. "Mama Nasibu, kijani si hii hapa? Amevuta urefu, kama baba yake." Nami nikakiamini kikombe, nikayakana macho yangu mwenyewe. Mlezi akaendelea kummiminia uji mwepesi wa mtoto aliyenona. Kuhara kulipokuja, kulikuta mwili mtupu.

*

Kikombe kiligeuka njano siku moja nikichambua kunde. Kesho yake kikawa chekundu.

"Nasibu ana njaa," kilisema.

Ziwa halina akili. Lilisikia jina likashuka, gauni likalowa mpaka tumboni. Bi Kidawa, mama mkwe wangu, alikuwa ukumbini anapeta mtama. Akatupa ungo chini.

"Kitupe chooni hicho kidude! Kinatucheza shere ndani ya nyumba yetu."

"Mama, kinasema ana njaa."

"Nani ana njaa, Zamda? Mjukuu wangu nimemwosha kwa mikono hii."

Aliinyoosha mikono yake nikaiona. Nikaitazama sana. Mikono ile ndiyo iliyomwogesha pia siku ya arobaini yake. Siku hiyo waliogeshwa wawili, Nasibu na Sefu, mtoto wa Sauda wa nyumba ya tatu, maana walizaliwa wiki moja. Na kwetu siku ya arobaini kuna maneno wanawake huyasema juu ya maji, maneno ambayo hata mume wako humwambii.

"Mama," nilisema, "siku ile mliwavua shanga?"

"Tuliwavua, ndiyo. Ushanga wa serikali una masikio. Tungeyasema yale maneno yafike wilayani?"

"Mkaziweka wapi?"

"Kwenye kibia cha udongo, tukafunika."

"Zote mbili?"

Alikaa juu ya kinu kilicholala, akaushika mkono mmoja kwa mwingine. Nilisikia kuku wanadonoa mtama uliomwagika, na sikuwafukuza.

"Zinafanana, mwanangu," alisema baadaye kwa sauti ndogo. "Wallahi zinafanana."

Nilichukua kikombe nikatoka. Sikusema naenda wapi, na hakukuwa na haja ya kusema, kwa kuwa kikombe chekundu hupaza sauti kadiri kinavyoukaribia ushanga wake. Walikiunda hivyo ili jirani yeyote aweze kumfikia mtoto hata kama mama yake yuko mbali shambani. Kwa jirani wa kwanza kilisema kawaida. Kwa jirani wa pili kikapaza. Mlangoni kwa Sauda kikapiga kelele, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapita na punda wake akasimama.

"Nasibu ana njaa! Nasibu ana njaa!"

*

Mlango ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Wote tulidhani Sauda amekwenda kwao, kwa sababu mumewe yuko machimboni na Nyumba ya Ziwa haikuwa imemwona siku nyingi.

"Hodi," nilisema.

Ndani mtoto akaguna. Hakulia, aliguna tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Komeo likavutwa.

Sauda alikuwa anawaka kwa homa. Ziwa lake la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, amelifunga kwa kanga na majani ya kabichi. Alikitazama kikombe kabla ya kunitazama mimi.

"Kimekuleta," alisema.

"Kimenileta."

"Karibu ndani, Mama Nasibu."

Sefu alikuwa kitandani. Yule mtoto niliyemjua, mwenye mikunjo ya mapaja iliyokuwa ikipakwa poda, alikuwa na shingo nyembamba na midomo iliyokauka. Pembeni kulikuwa na kijiko na bakuli la uji wa mahindi ulioganda. Juu ya dirisha kilisimama kikombe cha kwao, kijivu.

"Tangu jana hamezi," Sauda alisema. "Kijiko anakitema. Ziwa hili lina usaha, na hili lingine limekauka."

"Kwa nini hukwenda kwa Hidaya?"

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nikamwambie nini? Kwamba kikombe changu kimekuwa kijivu na mtoto wangu ninaye mkononi? Angeuliza ushanga wa Sefu uko wapi."

"Uko kwenye kopo langu la chai."

"Najua."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Mtu mwingine, nadhani, angepiga kelele. Mimi niliuliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Ulijua lini?"

Angeweza kunidanganya. Nilikuwa tayari kudanganywa.

"Kikombe changu kilipokuwa chekundu na Sefu amenona vile, nilidhani kimeharibika. Nikafurahi, sikufichi. Walikuja wakanilimia. Uji ule mzito niliwapa na kaka zake, ambao sasa wako kwa bibi yao. Halafu siku moja nikakukuta kisimani, Nasibu mgongoni. Nikamwona shingo. Nikajua palepale."

"Hukusema."

"Nilisema kesho nitamwambia."

"Kesho ipi, Sauda?"

"Kila siku ilikuwa kesho. Nilikuwa na shamba nusu halijapaliliwa, nikasema wamalizie tu, halafu nitamwambia. Kisha msiba. Mchana ule mnamwosha, kikombe changu kikageuka kijivu mbele ya macho yangu."

"Na ulikuja matangani."

"Nilikuja." Akafuta uso kwa kiganja. "Ugali wa matanga niliusonga mimi."

Niliula ugali ule. Nilikumbuka kwamba ulikuwa laini na kwamba mtu alinilazimisha tonge tatu. Nilisubiri kitu kipande kifuani, hasira au kichefuchefu, lakini hakikupanda. Nilikuwa na vidonge kwenye pindo la kanga. Ningevimeza, nikaenda kumwita Hidaya, naye angekuja na sheria yake, na sheria inasema mama anayeficha mtoto bila ushanga wake ananyang'anywa mtoto huyo anapelekwa Nyumba ya Watoto wilayani. Na barabara ya wilayani, kwa mtoto yule, ilikuwa ndefu mno. Nasibu alikufa njiani kwenye barabara hiyohiyo.

"Nasibu anahitaji ziwa sasa," kikombe kilisema.

Sauda alipiga magoti, jambo nisilolitaka.

"Usinipigie magoti," nilisema. "Nisogezee mto."

"Akinyonya kwako atakuwa mwanao wa ziwa. Atakuwa ndugu yake Nasibu."

"Nasibu hana haja tena ya ndugu. Nisogezee mto, Sauda."

Nilimpakata. Alikuwa mwepesi kama alivyokuwa wangu siku za mwisho, na mikono yangu ikaujua uzito ule kabla yangu. Mwanzoni hakushika. Nilikamua matone midomoni mwake, nikasubiri, nikakamua tena. Kisha akashika, akavuta kwa nguvu nisiyoitarajia, na maumivu yakanipita mpaka mgongoni. Nilimtafutia chuki moyoni jinsi unavyotafuta sindano iliyoanguka mkekani, kwa kupapasa. Sikuipata. Huruma nayo sikuipata. Nilipata tu kwamba anameza, na kwamba akimeza sikio lake linatikisika.

Tulikaa hivyo. Nilimhamishia ziwa la pili. Kikombe kikatoka kwenye wekundu kikaingia njano, na baada ya muda mrefu kikawa kijani.

"Nasibu ameshiba," kilisema. "Hongera, Mama Nasibu."

Sauda alijifunika uso. Kisha akasema kitu ambacho nadhani alikuwa amekifikiria tangu aliposikia hodi.

"Tuache hivihivi. Peleka kikombe hicho kila asubuhi, chukua uji, mlete. Mnyonyeshe mpaka nipone, au hata nikipona. Hidaya ameshasema ni hitilafu. Hakuna atakayejua, na kikombe chako hakitazimika."

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa maana sitaki mnione mwema kuliko nilivyo. Nilitaka. Tangu msiba sikuwa nimetaka kitu chochote, chakula wala usingizi wala kwenda haja, lakini hicho nilikitaka mpaka taya zikaniuma. Kila asubuhi kikombe kingesema Nasibu ameamka. Nasibu ameota jino. Ingefika siku kingesema Nasibu ametimiza miaka miwili, hongera, na mimi ningekuwa nimekaa pale nasikiliza. Na Sefu angekula vizuri, chini ya jina la mtu mwingine. Nani angeumia?

"Kibia kile," nilimwambia Sauda, "kina miaka mingapi hapa Kirumbi?"

"Kibia gani?"

"Cha Bi Kidawa. Ameogesha watoto wangapi wawili wawili?"

Sote wawili tulimjua Bi Kidawa. Nusu ya watoto wa kata hii wamepita mikononi mwake, na mapacha wote, na shanga zao ndani ya kibia kilekile.

Nilimfunga Sefu mgongoni kwa kanga yangu. Pindo lilipokaza, vidonge vikanichoma mbavuni, nikavitoa nikaviacha juu ya dirisha karibu na kikombe cha kijivu.

"Asubuhi twende wote," nilisema. "Leo analala kwangu. Njoo nawe, homa hiyo haitakuacha ukilala peke yako."

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Chukua kikombe chako."

*

Foleni ya Nyumba ya Ziwa huanza mapema, akina mama na vikombe vyao mikononi, watoto mgongoni, umbea katikati. Tulipofika, umbea ulikatika. Mimi mbele na Sefu mgongoni, Sauda nyuma ameegemea bega la Bi Kidawa. Asubuhi ile Bi Kidawa alivaa baibui lake la Idi akasema yeye ndiye atakayeeleza habari ya kibia, asiseme mtu mwingine.

Akaeleza. Alieleza wima, bila kujitetea, na alipofika kwa Nasibu sauti ikamkatika, nikaendelea mimi.

Nilimshusha Sefu nikampandisha fulana. Ushanga ulikuwa umemlegea, umeshuka mpaka chini ya nyonga.

"Bibi zetu walitufunga uzi kiunoni," nilisema. "Uzi ukilegea, mtoto amepungua. Hawakuwa na kikombe cha kuuliza. Mimi wa kwangu ulimlegea hivihivi, nikauvuta juu kila siku nikimvisha, na macho yangu yako kwenye kikombe. Tazameni viuno vya watoto wenu."

Mmoja akamshusha wake, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa watoto wenye matumbo wazi wanaolia kwa baridi ya asubuhi. Karibu wote walikuwa wazima. Chausiku, mama wa pacha wa kike, alikuwa amemshika mtoto wake mdogo, vidole vyake viwili vimepita kwa raha kati ya ushanga na ngozi. Kikombe cha mtoto yule, chini miguuni pake, kilikuwa kijani safi. Cha pacha mwenziwe kilikuwa njano, na mwenziwe alikuwa mnene mpaka kidevu cha pili.

"Dada Hidaya," Chausiku aliita. "Dada Hidaya, hebu njoo."

Hidaya alikuja, akamtazama mtoto. Safari hii hakutazama kikombe. Nilijua anamkumbuka nani.

Hakuna aliyemsalimia Sauda. Mama mmoja alitema mate chini. Hidaya alimpima homa, akamwandikia dawa, kisha akasimama na kishikwambi chake kama mtu aliyepewa kisu akaambiwa achinje.

"Sheria inasema Sefu aende wilayani," alisema taratibu. "Mama alimficha."

"Ukutani hapo pameandikwaje?" nilimuuliza.

Hakuhitaji kugeuka kusoma.

"Basi na huyu ni wa wote," nilisema. "Mimi namnyonyesha. Hawa watamlimia Sauda mpaka apone, wakipenda wasipende. Ukitaka, niandike mimi mama yake wa ziwa, maana ndivyo nilivyo tangu jana."

Bi Kidawa akasema, "Nami shahidi."

Hidaya aliandika. Alichukua muda, nami nikamrudisha Sefu mgongoni. Kisha akaniomba nikae kando kidogo, akanisemesha kwa sauti ya chini.

"Nimerekebisha majina ya shanga. Nikibonyeza hapa, ushanga huu unakuwa wa Sefu. Kikombe chako, dada..."

"Najua."

"Unataka ukae nacho kwanza? Hata mpaka jioni."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, kijani, cha uvuguvugu. Nilikishika kwa mikono miwili.

"Bonyeza," nilisema.

Akabonyeza. Kijani kikapungua polepole, kikawa kijivu. Nilidhani kimekwisha. Lakini mle ndani mwa Mlezi, kumbe, msiba wa mwanangu uliokuwa umekataliwa siku zote ulikuwa bado unangoja zamu yake, na sasa ulipita.

"Pole, Mama Nasibu," kikombe kilisema. "Pole sana."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, mbele za watu. Mgongoni Sefu akashtuka akaanza kulia naye, na ziwa likashuka, kwa sababu ziwa halina akili. Nikaketi chini palepale kwenye foleni, nikamtoa mgongoni, nikampa, huku nalia na yeye anameza. Hakuna aliyenipita. Walisimama na vikombe vyao wakatusubiri.